Somo: Kupanga mafunzo ya wafanyakazi yasiyomwacha mtu nje

Katika karakana nyingi, orodha ya waliochaguliwa kwenda mafunzo husomwa kwa makini kuliko tangazo lolote, kwa sababu anayefundishwa leo ndiye atakayefikiriwa kesho nafasi ya usimamizi inapopatikana. Ndiyo maana ninashikilia kwamba usawa kazini hujengwa au huvunjwa kwenye orodha hiyo, hata pale ambapo hotuba za kuheshimiana hutolewa kila mwaka. Somo hili ni kwa wakuu wa utumishi, wasimamizi na wajumbe wa wafanyakazi wa hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Hatua ya kwanza: kagueni kumbukumbu za mafunzo.
Chukueni kumbukumbu za miaka michache iliyopita, mzilinganishe na orodha ya wafanyakazi wote. Tuseme mna wafanyakazi 30, na 10 kati yao ni wanawake. Ikiwa katika watu 12 waliofundishwa mwanamke ni mmoja tu, msikimbilie kusema kwamba wanawake hawajitokezi, bali ulizeni kwanza tangazo lilibandikwa wapi na lini. Huenda halikubandikwa popote, na msimamizi alimnong'oneza mtu wake tu. Kuhusu asili ya mtu, tuwe waangalifu sana: fujo za mwaka 1992 na 1993, zilizowafukuza kutoka Katanga, eneo letu hili, watu wengi wenye asili ya Kasai, bado zinakumbukwa majumbani. Msianzishe daftari la makabila. Chunguzeni tu kama waliochaguliwa wana sifa zilizotakiwa, au wana mtu aliyewaombea.

Hatua ya pili: andikeni vigezo kabla ya kupokea majina.
Kifungu cha 36 cha Katiba ya mwaka 2006 kinakataza mtu kudhulumiwa kazini kwa sababu ya asili, jinsia, maoni au imani yake. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, ambao nchi yetu imeuridhia, unasema wazi kwamba nafasi ya kupata mafunzo ya ufundi nayo ni sehemu ya ajira inayolindwa. Mwajiri hawezi, basi, kuyachukulia mafunzo kuwa zawadi anayompa amtakaye.

Hatua ya tatu: tazameni lugha, saa na vifaa.
Hapa ndipo watu wengi hupotea bila yeyote kuwafukuza. Fundi anayefungua pampu, akabadilisha beringi na kuifunga bila kubakiza hata boliti moja, hufeli kwa sababu mtihani umeandikwa kwa Kifaransa peke yake, hali Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa na ndicho kinachotumika karakanani siku nzima. Fafanueni kwa Kiswahili, mkiacha majina ya vipuri kama yalivyo kwenye kitabu cha mashine. Somo linaloanza baada ya saa za kazi humwacha nje mama anayerudi Ruashi kabla ya giza kuwapikia watoto. Lifanyeni ndani ya saa za kazi. Na mwanamke aliyepewa viatu vya usalama vinavyompwaya hawezi kupanda ngazi ya mashine kwa utulivu, kisha huandikwa kwamba ni mwoga. Agizeni saizi yake kabla ya siku ya kwanza.

Hatua ya nne: itumieni INPP.
Waajiri huichangia taasisi hii ya mafunzo ya ufundi kulingana na mishahara wanayolipa. Ni vyema wadai huduma yake.

Hatua ya tano: fuatilieni baada ya miezi sita.
Ulizeni nani amepewa kazi inayolingana na alichojifunza. Aliyefundishwa kuchomelea kisha akarudishwa kufagia bado amebaguliwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Katuba: Mama mwalimu, mkuu wetu anasema kumfundisha mwanamke ni hasara, kwani atapata mimba na kuondoka. Tumjibuje?

Jibu: Papa, mwambieni kwa heshima kwamba likizo ya uzazi katika Sheria ya Kazi ni wiki 14, kisha mama hurudi kazini na ujuzi wake. Fundi mwanamume anaweza kuhamia kampuni nyingine asirudi kabisa, na bado hatujasikia akinyimwa mafunzo kwa hofu hiyo.

Mwanachama wa Kamalondo: Tukiwatengea wanawake nafasi kadhaa, hatuwaonei wanaume?

Jibu: Mkataba namba 111 unaruhusu hatua maalumu kwa wanaohitaji msaada wa pekee. Lakini ziandikeni, mzieleze mbele ya wote, na mweke muda wa kuzipitia upya. Nafasi zikigawiwa kwa siri, manung'uniko hayataisha, na watakaoyabeba ni wanawake wenyewe.

Mwanachama wa Kampemba: Fundi wetu mzee hajui kusoma. Je, aachwe?

Jibu: Asiachwe, mama. Mpimeni kwa mikono, mbele ya mashine, huku mtahini akimuuliza maswali kwa mdomo na kuandika majibu yake. Alama za usalama kwenye mitambo, hata hivyo, lazima azitambue moja baada ya nyingine, na hapo msimwonee huruma.