Tuta Lako Linahitaji Mboji Kiasi Gani? Pima Kabla ya Kubeba

Mboji huchukua miezi kuiva, kwa hiyo inauma kuiona ikimwagwa kwa kukisia: mwanzo wa tuta imejaa, mwisho wa tuta imeisha. Kipimo cha kukariri ni kimoja tu: lita 10 za mboji hufunika mita 1 ya mraba kwa unene wa sentimita 1. Ndoo moja ya lita 20, basi, ni sentimita 2 juu ya eneo hilohilo.

Hatua ya 1: Pima eneo

Urefu mara upana, kwa mita. Pima panapopandwa tu, vijia uviache. Tuta la mita 4 kwa 1.2 lina mita za mraba 4.8. Kama ni la duara, pima kutoka katikati hadi ukingoni, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.14. Likiwa limepindapinda, pima upana sehemu tatu na utumie wastani.

Hatua ya 2: Amua unene

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na hapa ndipo wengi huzidisha. Tuta jipya, au udongo uliochoka, wa kichanga au wa mfinyanzi mgumu, lipe sentimita 5 na uzichanganye na udongo wa juu hadi kina cha sentimita 15 au 20. Tuta unalolilisha mboji kila mwaka linatosheka na sentimita 1 hadi 2 juu juu, hata bila kulima.

Kama mboji yako imetokana zaidi na samadi, shika kiwango cha chini. Samadi ina chumvi na fosforasi nyingi, na fosforasi haiondoki upesi na maji ya mvua. Hujilimbikiza mwaka hadi mwaka, mpaka mimea inashindwa kupata zinki na madini ya chuma ya kutosha. Majani yakianza kuwa na manjano katikati ya mishipa kwenye tuta lililojaa mboji, usikimbilie kuongeza nyingine.

Hatua ya 3: Zidisha

Eneo × unene kwa sentimita × 10 = lita.

Tuta letu likiwa jipya: 4.8 × 5 × 10 = lita 240. Likiwa la kuongezewa tu, kwa sentimita 1.5: lita 72. Ongeza sehemu moja ya kumi, kwa sababu mboji hushuka ikishamwagiwa maji. Lita 240 zinakuwa 264, yaani kama ndoo 13.

Kama unabeba kwa toroli, lijaze kwanza kwa ndoo ujue linachukua ngapi, matoroli hayalingani. Ukinunua, nunua kwa ujazo. Mboji iliyolowa ni nzito, na ukipimiwa kwa kilo sehemu ya pesa yako inalipia maji. Mita 1 ya ujazo ni lita 1,000.

Hatua ya 4: Kama unaitengeneza mwenyewe

Lundo hupungua hadi nusu ya ujazo wake wa mwanzo, mara nyingi chini ya hapo. Kupata lita 264, anza na lundo la mita 1 kila upande. Lundo dogo sana halipati joto vizuri, hivyo usilipunguze. Itumie ikiwa nyeusi, imepoa, ina harufu ya udongo, na huwezi tena kutambua jani lilikuwa lipi.

Hatua ya 5: Mwaga

Usirundike. Ndoo 13 kwenye tuta la mita 4 ni ndoo moja kila sentimita 30 hivi; zimwage zote kwa mstari, kisha sambaza kwa reki. Chomeka kijiti chenye alama ya sentimita 5 sehemu nne au tano, na usawazishe kabla ya kuchanganya.

Tuta letu la mita 4 kwa 1.2 likiwa la kuinuliwa, lenye kuta za sentimita 30, ujazo wote ni lita 1,440. Robo yake, lita 360, iwe mboji. Zilizobaki ziwe udongo. Likijazwa mboji tupu litazidi kuzama kadiri mboji inavyoendelea kuoza.

Na mboji ikipungua? Usiitandaze nyembamba tuta zima. Iweke kwenye mashimo na mistari ya kupandia, uichanganye na udongo, na sehemu nyingine zisubiri lundo lijalo.