Bomba la pazia lisilong'oka kwenye tofali za kuchoma

Huku Kigoma na Tabora nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, zilizojengwa kwa udongo na kupigwa plasta ya saruji. Bomba la pazia likidondoka kwenye ukuta kama huo huja na kipande cha plasta, na sababu karibu kila mara ni ileile: fisha, yaani kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani, iliishia kwenye plasta, haikufika kwenye tofali.

Hatua ya 1. Andaa drili, biti ya zege ya milimita 6, fisha za milimita 6, skrubu za inchi 2 na nusu, pimamaji na futi. Skrubu fupi za kwenye pakiti ya bomba usizitumie kabisa. Plasta peke yake ina milimita 15 hadi 20.

Hatua ya 2. Weka alama sentimita 10 juu ya dirisha na 15 pembeni, kila upande. Bomba likizidi mita 1.8 ongeza kishikio cha katikati. Usitoboe juu ya swichi au soketi kwa mstari wa wima, maana nyaya hupita humo.

Hatua ya 3, tundu. Funga utepe kwenye biti, sentimita 7 kutoka nchani. Anza polepole, nyundo ya drili ikiwa imezimwa, na macho yawe kwenye vumbi. Mwanzo litatoka la kijivu, ni plasta. Kwenye sentimita ya pili rangi hubadilika. Likiwa jekundu umeingia kwenye tofali. Endelea hivyohivyo bila nyundo, kwa sababu nyundo huivunjavunja tofali laini kwa ndani na tundu la 6 linakuwa la 10. Likitoka la kahawia na biti ikazama yenyewe, hapo ni kiungo cha udongo. Hakishiki kitu. Sogeza vishikio vyote sentimita 4 juu. Likibaki kijivu na biti ikagoma, umekutana na linta, yaani boriti ya zege ya juu ya dirisha. Sasa ndiyo washa nyundo. Biti ikipiga kelele kali na vumbi likametameta, hiyo ni nondo: hama sentimita 3. Linta nyingi huishia karibu tu na pembe ya dirisha, kwa hiyo tundu moja la kishikio linaweza kuwa kwenye zege na la pili kwenye tofali. Kila tundu lipime peke yake.

Puliza vumbi kwa mrija, macho yamefumbwa. Vumbi likibaki, fisha huzunguka na skrubu. Kisha igonge fisha kwa msumari hadi ipite plasta yote. Ikibaki kwenye plasta, skrubu ikiingia inaitanua, na plasta inapasuka.

Tundu likishalegea usijaze njiti wala karatasi. Litanue hadi milimita 12, gongea kigingi cha mninga mkavu cha sentimita 6, kikate usawa wa ukuta, kitoboe kwa biti ya milimita 3 na ufunge skrubu humo. Mti mbichi husinyaa ukikauka, na mbao laini ni chakula cha mchwa. Kwenye tofali laini kigingi ni bora kuliko fisha kubwa zaidi.

Nyumba ya tofali mbichi haitaki fisha hata moja. Funga ubao wa inchi 1 kwa 4 kwenye fremu ya mbao ya dirisha, vishikio vikae juu ya ubao.

Bafuni kwenye vigae: bandika selotepu, toboa kwa biti ya vigae bila nyundo, mbali na ukingo wa kigae, halafu badili uweke ya zege. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na weka silikoni tunduni kabla ya kufunga. Bomba la kubana kwa springi linafaa kwa pazia jepesi tu.

Hatua ya 4. Kaza kwa bisibisi ya mkono, si kwa drili. Vuta kishikio kuelekea chini kabla ya kutundika pazia. Kikicheza hata kidogo, toa, rudia tundu.