Jinsi ya kuiandikia shule barua ya kulinda taarifa za mtoto mwenye ulemavu

Fomu ya upimaji ya binti yangu niliiona kwenye simu ya jirani, hapa Nkuhungu, Dodoma. Ilipigwa picha juu ya meza ya ofisi ya shule, ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la nne. Jina lake kamili, mgongo wazi aliozaliwa nao, mpira wa mkojo anaoutumia, vyote vinasomeka. Aliyetuma alitaka tuchangiwe nepi. Nia yake ilikuwa njema, lakini Jumatatu mtoto alirudi amevimba macho kwa kulia.

Nilijifunza utaratibu nikiwa tayari nimechelewa. Wewe uanze mapema, hata kama hakuna lililoharibika.

Anza kwa kwenda shuleni kuomba kuona taarifa za mwanao wanazotunza. Ni haki yake, na wewe mzazi unaidai kwa niaba yake. Uliza kuhusu jalada la kuandikishwa, nakala za hospitali, ripoti ya upimaji, na zaidi ya vyote simu za walimu, maana huko ndiko picha zinakosahaulika. Andika ulichokikuta na kilipo.

Kisha andika barua kwa Mwalimu Mkuu, au Mkuu wa Shule kama ni sekondari. Kwenye YAH andika: OMBI LA KULINDA TAARIFA BINAFSI ZA MWANAFUNZI. Taja jina, darasa na namba ya kuandikishwa, lakini usiutaje ulemavu wenyewe. Barua hupita mikono mingi kabla ya kufika mezani. Sema tu "taarifa za afya zilizo kwenye jalada lake". Mimi ya kwanza niliichana kwa sababu hiyo, kwani nilikuwa nimeeleza kila kitu upya.

Taja sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaziweka taarifa za afya na za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida huhitaji ridhaa ya maandishi kabla ya kutumiwa. Halafu omba mambo mahususi. Mimi niliomba fomu ifungiwe kabatini, picha ifutwe, na wanaojua wawe mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu na matroni tu. Hao lazima wajue, la sivyo nani atamruhusu kutoka darasani mfuko wa mkojo ukijaa?

Usiombe kila kitu kifichwe. Shule inapaswa kulijulisha Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) mapema ikiwa mtahiniwa anahitaji maandishi makubwa, nukta nundu au muda wa ziada. Ukizuia hilo, unamuumiza mwanao mwenyewe. Ila kama ana ualbino, ongeza mstari wa kukataza picha yake kutumwa popote pamoja na jina la mtaa anaoishi. Hapo tunazungumzia uhai wake.

Kabla ya kufunga bahasha, msomee mtoto. Wangu aliniambia, "Mama, matroni ajue, ila yule wa zamu asijue," nami nikarekebisha.

Peleka mwenyewe nakala mbili. Moja ibaki shuleni, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Usikubali kuambiwa "iache tu hapo, mama". Bila mhuri, mwezi ujao barua yako haikuwahi kuwepo.

Usipojibiwa, kwa shule ya serikali mwandikie Mkurugenzi wa halmashauri, ukiielekeza kwa Afisa Elimu: Jiji la Dodoma kwa sisi wa mjini, au Chamwino, Bahi, Kongwa, kulingana na shule ilipo. Ambatisha nakala yenye mhuri.

Ikishindikana, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kisheria uchunguzi wao unapaswa kukamilika ndani ya siku 90, ingawa wanaweza kuongeza muda. Eleza nini kilisambazwa, lini, wapi, na mtoto alipata madhara gani. Weka skrinshoti zinazoonyesha tarehe, na ufiche majina na namba za watoto na wazazi wengine waliomo kwenye kundi.