Somo: Siki, Magadi na Gramu Zinazojificha

Wanafunzi huikariri vizuri sana kanuni ya hifadhi ya tungamo, yaani vitu vikibadilika kikemia jumla ya gramu zake haipungui wala haiongezeki, kisha ukiwauliza gunia la mkaa limekwenda wapi wanakujibu, "Limeisha." Basi tupime wenyewe.

Tafuta chupa ya plastiki ya soda ya lita 1.5, mililita 50 za siki nyeupe, gramu 2 za magadi meupe ya kuokea, tishu, na mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Chupa ya kioo hapana, na magadi usiongeze. Gesi ikizidi, chupa hupasuka.

1. Mimina siki chupani. Viringisha magadi ndani ya tishu, membamba yapite shingoni.
2. Pima vyote pamoja: chupa, kifuniko na kile kifurushi. Andika.
3. Tumbukiza kifurushi, kaza kifuniko upesi. Hapa ndipo wengi huharibu, gesi inawatoroka. Tikisa, chupa itakuwa ngumu kiganjani.
4. Povu likitulia, pima. Namba ni ileile.
5. Fungua polepole, isikilize ikipumua, kisha pima tena pamoja na kifuniko.

Sasa imepungua. Gramu 2 za magadi hutoa takriban gramu 1 ya kaboni dioksaidi, ila mizani haitashuka gramu nzima kwa kuwa sehemu ya gesi hiyo imebaki ndani. Hesabu yake kwa gramu, magadi na asidi ya siki kushoto, chumvi, maji na kaboni dioksaidi kulia:

NaHCO₃ + CH₃COOH → CH₃COONa + H₂O + CO₂
84 + 60 = 82 + 18 + 44

Maswali

*Mwalimu, mimi nilifunga puto mdomoni mwa chupa. Halikuvuja, lakini mizani ilishuka!*

Swali tamu hili. Puto likivimba husukuma hewa, nayo hewa hulibeba kidogo, kama maji yanavyobeba mtumbwi. Kila lita ya uvimbe huficha takriban gramu 1.2. Hakuna kilichopotea, mizani ndiyo imedanganyika. Ndiyo maana nikataka chupa, isiyovimba kama puto.

*Na ule mkaa?*

Gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni hewani, zikatoka gramu 44 za gesi. Majivu ni madini yasiyoungua.

*Kuna kitu kikiungua kinazidi uzito?*

Kipo. Choma stilwaya ya kusugulia sufuria, upime kabla na baada: chuma hushika oksijeni ya hewani. Mwanakemia Mfaransa Lavoisier alipasha metali ya bati ndani ya chombo kilichozibwa, mwaka 1774. Uzito haukubadilika, mpaka alipokifungua na hewa ikaingia kwa mvumo, kujaza nafasi ya ile iliyoshikwa na bati.