Choo cha mtoto mchanga: kipi cha kawaida, kipi cha kukimbilia hospitali

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga. Mdogo wangu, usione kinyaa: fungua nepi penye mwanga wa mchana, utazame.

Siku mbili tatu za mwanzo choo ni cheusi, kinanata kama lami. Maziwa yakishika kasi kinageuka kijani, kisha manjano, chepesi, chenye chembechembe. Huko si kuhara. Akipita wiki 6, anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo; kikitoka laini, tumbo halijavimba na ananyonya vizuri, mwache. Maji, dawa ya chango, hata bibi akisisitiza, hapana. Hadi miezi 6 ni maziwa ya mama pekee.

Kuhara ni choo cha majimaji, mara nyingi kuliko kawaida yake. Zidisha kumnyonyesha, umlete kliniki upewe ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, na zinki. Zinki ni siku 10 hadi 14, hata choo kikishakaza: miligramu 10 kwa siku chini ya miezi 6, 20 akizidi hapo.

Damu, matapishi ya kijani, utosi uliobonyea, mtoto kukataa titi: hospitali leo hii, hata usiku.

Linaloniumiza zaidi ni choo cheupe au cha kijivu, na macho bado manjano baada ya wiki 2. Mama huambiwa amwanike juani, asubiri. Usisubiri, mdogo wangu. Huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufaa zaidi kabla mtoto hajafikisha siku 60.