SPARCstation inawaka ila haibuti? Usiiuze vipande, angalia hii chipu kwanza

Hizi kompyuta za kampuni ya Sun Microsystems za miaka ya 90, mfano SPARCstation 5 ya 1994, mtu anaipata, anaiwasha, inalalamika kwenye skrini, basi anasema imekufa na anaanza kuuza ram na diski. Mara nyingi haijafa bwana, ni betri tu.

Ila betri yenyewe huwezi kuiona, ndo maana watu wanahangaika. Fungua kava, tafuta kwenye bodi chipu nene kuliko zenzake, juu ina stika ya baakodi, imekaa kwenye soketi. Hiyo ni M48T08 (SPARCstation 2 na IPX wao wana M48T02), ndani yake kuna saa, memori ndogo na betri ya lithiamu, vyote vimefunikwa na plastiki ngumu, na ilitegemewa idumu miaka kama 10 hivi, kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Ikiisha, mashine inasahau setingi zote pamoja na anwani yake ya MAC (namba inayoitambulisha kwenye netiweki), inaandika "The IDPROM contents are invalid" halafu inaenda kutafuta kubuti kwenye netiweki na we unakaa hapo unasubiri bure.

Kabla ya kununua chochote jaribu kuiamsha kwa mkono. Usisumbuke kutafuta kibodi ya Sun na waya wa 13W3 wa monita, chomoa kibodi kabisa, mashine itahamia yenyewe kwenye poti ya siriali A, unganisha na kompyuta yako kwa waya wa null modem (waya wa siriali wa kuunganisha kompyuta mbili), kwenye programu ya terminal weka spidi 9600, 8N1. Ikiandika ok (maana yake inasubiri amri) andika:

set-defaults
setenv diag-switch? false
8 0 20 c0 ff ee c0ffee mkpl

Ukibonyeza enta kwenye huo mstari wa mwisho ok haitarudi, usishtuke, bonyeza Ctrl-D halafu Ctrl-R, ukiona maneno ya hakimiliki ujue imekubali. Andika banner uone anwani mpya. Hiyo 8 0 20 ni namba ya Sun iache ilivyo, c0 ff ee ni mzaha wa wazee wa Sun, weka namba yoyote ya heksadesimali unayotaka ila ukiwa na mashine mbili netiweki moja lazima zitofautiane.

Ukizima umeme vyote vinapotea tena. Dawa ya kudumu ni chipu mpya, ila mtandaoni kuwa makini, nyingine zimeng'olewa kwenye bodi za zamani na betri yake imechoka vilevile. Kama mkono wako umezoea pasi ya lehemu, unakwangua plastiki taratibu hadi uone vyuma vya betri, unaikata ya zamani kabisa (usiache hata mguu mmoja umeshika) halafu unalehemu kishikio cha CR2032. Angalia chanya na hasi mara mbili. Mi binafsi napenda hii njia kuliko kununua, next time betri ikiisha unabadilisha tu.

Diski nayo usiiamini. Ikiwa bado inazunguka, ivute nakala yote kwa ddrescue (programu ya kunakili diski zinazochoka) siku hiyohiyo, kabla hata hujaanza kuchezea Solaris, mfumo endeshi wa Sun, uliomo. Baada ya hapo weka BlueSCSI au ZuluSCSI (vibodi vinavyojifanya diski ya SCSI, aina ya diski inayotumiwa na mashine hizi) yenye memori kadi, kwenye SPARCstation 5 utahitaji adapta maana diski zake ni za pini 80. Sun inategemea diski ya kubutia iwe ID (namba ya kifaa kwenye SCSI) 3 na CD iwe ID 6, kwa ZuluSCSI unaita mafaili HD3.img na CD6.iso, basi. Ukitumia CD-ROM halisi ya PC inaweza kugoma, kwa sababu Sun inataka CD inayosoma bloku za baiti 512 na za kawaida zinasoma 2048.

Mfumo wa kuweka: ukitaka ladha ya zamani, Solaris 2.6 hadi 9 (kwa SPARCstation 5), ukitaka kitu ambacho bado kinapata masasisho weka NetBSD, mfumo endeshi wa bure. Ukiweka Solaris usiipe njia ya intaneti moja kwa moja, telnet na rsh zake (njia za kuingia kwa mbali) ziko wazi. Na kama mashine bado iko njiani, qemu-system-sparc inaigiza hiyohiyo SPARCstation 5, fanya mazoezi humo.