Jinsi ya kuendesha mjadala wa "warudishe askari wao" bila kugombana

Naendesha mijadala ya vijana hapa Kadutu, Bukavu, Jumapili baada ya misa. Mada inayowasha moto kuliko zote ni hii: Afrika Kusini ilifanya vema kuondoa askari wake Kongo? Simu zote ziwe mfukoni, pasiwe na picha wala sauti ya kurekodi. Mnaoishi huku mnajua sababu.

Usianze kwa "nani anakubali, nani anakataa". Kijana akishanyoosha mkono mbele ya wenzake, hashuki tena. Anza na "walitumwa kufanya nini?" Andika ubaoni: SAMIDRC, kikosi cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), kiliingia Desemba 2023 kuisaidia serikali dhidi ya makundi yenye silaha, askari walitoka Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Januari 2025 Goma ikatekwa, na Afrika Kusini ikazika askari 14. Machi 13 viongozi wa SADC wakafunga kazi ya kikosi hicho. Usifute, maana lazima atokee mzee wa kuchanganya hawa na MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, au na kikosi cha Afrika Mashariki kilichoondoka Desemba ileile ya 2023. Tusimcheke, sare zimepita nyingi mno huku.

Kisha gawa watu. Kundi moja liseme kama mama wa askari kule Bloemfontein, jingine kama muuza makala wa Sake, mji mdogo karibu na Goma. Yule aliyepiga kelele "watoke tu!" mpeleke Sake. Ataanza kwa kununa, baadaye utamsikia akiuliza nani atalala barabarani pale mahali pa wale askari.

Swali hilo ndilo la kukaa nalo. Kuondoka ni jambo moja, nani anashika nafasi ni jingine. Mfano tunao nyumbani: Februari 28, 2024 MONUSCO iliwakabidhi polisi wetu kambi ya Kamanyola, na mwisho wa Juni ikafunga shughuli zake Kivu Kusini. Februari iliyofuata waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Mtu atasema, "Mnaona? Wangebaki!" Mrudishe kwenye ubao: Goma MONUSCO ilikuwepo, na mji ulitekwa vilevile. Nyamaza kidogo hapo, waache wabishane wenyewe.

Habari za katiba zipitie haraka: kule Afrika Kusini rais ndiye anayetuma jeshi, na lazima alijulishe bunge.

Wakikuuliza wewe, jibu, usijifanye huna upande. Mimi nasema walistahili kuondoka, ila walikawia. Baada ya Goma walikuwa wamefungiwa kambini, uwanja wa ndege umefungwa, na ilibidi watoke kwa barabara kupitia Rwanda hadi Tanzania, kuanzia Aprili 29. Askari aliyezungukwa hivyo hamlindi muuza makala.

Mwishoni gawa vikaratasi visivyo na majina. Kila mtu aandike sharti moja ambalo lingepaswa kutimizwa kabla ya askari wa mwisho kupanda lori. Yasome yote kwa sauti, kisha vichome.